Kuwasha kwa Mara ya Kwanza Injini ya Gari Ulilojiundia Nyumbani

Mtu anayejiundia gari nyumbani hufikia siku ambayo hana tena kitu cha kufunga. Injini imekaa juu ya mauntingi zake, gia imeunganishwa, rejeta iko mahali pake, betri imejaa, na kazi iliyobaki ni kuzungusha ufunguo. Siku hiyo inastahili uangalifu kuliko siku zote zilizotangulia, kwa sababu injini iliyofungwa upya inaweza kuumia zaidi katika dakika mbili za kwanza kuliko katika miaka kadhaa ya kazi inayofuata. Ninaandika mwongozo huu kwa ajili ya yule ambaye hajawahi kufanya kazi hii, ambaye pengine amekuwa akifunga gari lake jioni baada ya kazi, na ambaye majirani wamekwisha kuanza kumwuliza litawaka lini.

Gari ninalolitolea mifano ni pikapu ya zamani ya Peugeot 404 ambayo niliinunua ikiwa bodi tupu na kuifanyia kazi nyuma ya nyumba hapa Bombo, Uganda. Wazee wetu waliipenda 404 kwa haki: ilishinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, enzi ambazo njia ya mashindano hayo ilipita Uganda pia. Injini yake ya asili, ya sentimita za ujazo 1,618, ilikuwa imelala upande kwa digrii 45. Mimi nimeweka humo injini ya Toyota 22R iliyotoka kwenye Hilux, yaani silinda nne, sentimita za ujazo 2,366, kabureta na cheni ya taimingi. Bodi kuukuu, vyuma visivyo na kazi vikatolewa, injini yenye nguvu zaidi ikawekwa: hiyo ndiyo maana ya hotirodi tangu vijana wa kusini mwa California walipoanza kuyavua magari yao ya Ford na kuyashindanisha juu ya ziwa kavu la Muroc katika miaka ya 1930. Nilichagua 22R kwa sababu vipuri vyake vinapatikana Kisekka na Katwe, jijini Kampala, bila kuagiza ng'ambo, na kwa sababu ina mitambo michache ya umeme inayoweza kumchanganya mgeni wa kazi hii. Takwimu nitakazotaja ni za injini hiyo. Mwenye injini nyingine atafute za kwake kabla hajaanza.

Jambo kuu ninalotaka lieleweke ni hili: injini inahitaji oili, cheche na petroli, na kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuthibitishwa peke yake kabla havijakutanishwa. Anayevikutanisha vyote kwa pamoja bila kuthibitisha hata kimoja hulazimika kupiga stata muda mrefu akibahatisha. Wakati huo petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda, kamshafti (mhimili wenye meno yanayofungua vali) inajikwaruza, betri inaisha, na mtu anachoka kiasi cha kuanza kukosea. Aliyevithibitisha vyote hupiga stata kwa sekunde chache tu, na injini ikashika.

Oili kabla ya kitu chochote

Ninaanza na oili kwa sababu ndiyo iliyoniadhibu. Injini ya kwanza niliyoifunga kwa mikono yangu, nayo ilikuwa 22R, niliiwekea pampu mpya ya oili kama ilivyotoka kwenye boksi, ikiwa kavu kabisa. Geji ya presha ilikuwa haijaunganishwa, kwa kuwa nilijiambia kwamba hiyo ni kazi ya kesho. Injini iliwaka, tukapiga kelele za furaha, na haikupita muda mrefu cheni ya taimingi ikaanza kugonga kwa mbele, kisha mlio mzito ukasikika chini. Nilipoizima na kuifungua, beringi za konrodi zilikuwa zimechunwa hadi rangi ya shaba ikaonekana, na kranki, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, ikabidi ipelekwe kuchongwa robo milimita. Kila kitu kingine kwenye injini ile kilikuwa kimefungwa sawasawa.

Sababu yake ni rahisi kuielewa. Meno ya pampu ya oili yana nafasi ndogo kati yake na ukuta wa pampu, na nafasi hiyo huzibwa na oili yenyewe. Pampu ikiwa kavu, hewa hupenya katika nafasi hiyo na kurudi ilikotoka, kwa hiyo pampu huzunguka bila kuvuta oili iliyo chini kwenye sampu, yaani bakuli la oili. Dawa yake ni kuijaza pampu jeli ya mafuta, ile ile ya kujipaka inayouzwa dukani, kabla ya kuifunga. Jeli huziba nafasi, pampu huvuta tangu mzunguko wa kwanza, kisha jeli huyeyuka ndani ya oili ya moto bila madhara. Usitumie grisi ya beringi za magurudumu, kwa maana haiyeyuki upesi na inaweza kuziba njia nyembamba.

Oili yenyewe iwe ya kawaida ya madini, 20W-50, na si ile ya sintetiki, kwa sababu ringi mpya zinahitaji kusuguana kidogo na ukuta wa silinda ili zikae, na oili yenye utelezi mwingi huchelewesha kazi hiyo. Injini hii huchukua kama lita 4 na robo pamoja na filta. Nunua mkebe wenye kifuniko ambacho hakijafunguliwa, kwenye kituo cha mafuta unachokiamini, kwa kuwa oili iliyochujwa na kufungashwa upya ni adui ambaye humwoni. Jaza filta oili kiasi ambacho hakitamwagika unapoifunga, na upake oili kwenye mpira wake.

Sasa unganisha geji ya presha inayoonyesha namba. Taa nyekundu ya dashibodi pekee haitoshi, kwa sababu huzimika kwa presha ndogo sana na haikwambii lolote zaidi ya hapo. Toa plagi zote nne ili injini izunguke kwa wepesi bila kubana hewa, chomoa waya unaopeleka umeme kwenye koili ili pasiwe na cheche, kisha piga stata kwa sekunde 10 hadi 15, pumzika dakika nzima ili stata ipoe, na urudie.

Katika 404 yangu mshale haukutikisika mara ya kwanza wala ya pili. Mara ya tatu mlio wa stata ulibadilika, ukawa mzito kidogo kama wa mtu aliyebebeshwa mzigo, na mara mshale ukaanza kupanda taratibu hadi ukasimama kwenye pauni 30 kwa inchi ya mraba. Tulikuwa tumefungua kifuniko cha vali, na mpwa wangu aliyekuwa ameinama na tochi alisema, "Mjomba, imefika." Kati ya roka, yaani mikono inayosukuma vali, na kamshafti oili ilikuwa inachuruzika kwenye kila jino, kuanzia mbele hadi nyuma. Hiyo ndiyo picha unayoitafuta. Usipoiona baada ya kupiga stata mara tano au sita, acha kabisa na utafute sababu. Mara nyingi ni pampu kavu, bomba la kuvutia oili ambalo halikukazwa, au gasketi yake iliyosahauliwa, kwa hiyo pampu inanyonya hewa. Katika injini hii pampu iko mbele, nyuma ya puli ya kranki, na kuirudia ni kazi ya nusu siku, ambayo ni nafuu kuliko kuchonga kranki.

Kabla ya hatua hii ya stata, ninaamini umekwisha kuizungusha injini kwa spana kwenye boliti ya kranki, mizunguko miwili kamili, kwa kuelekea inakozungukia. Kama cheni ya taimingi imefungwa vibaya, vali inaweza kukutana na pistoni, na mkono utahisi ukuta. Ukihisi hivyo usilazimishe. Mkono husimama, lakini stata haisimami.

Cheche ifike kwa wakati wake

Kosa linalowachelewesha wanaoanza kuliko makosa mengine yote liko kwenye distributa, kifaa kinachogawa cheche kwa kila silinda, na linatokana na jambo moja ambalo halijaeleweka. Katika injini ya mapigo manne, kranki huzunguka mara mbili wakati kamshafti inazunguka mara moja. Kwa hiyo pistoni namba moja hufika juu kabisa mara mbili katika kila duru: mara moja ikiwa imebana hewa na petroli tayari kwa kuwashwa, na mara nyingine ikiwa imemaliza kutoa moshi. Alama kwenye puli ya kranki inasoma sawasawa katika nyakati zote mbili. Ukifunga distributa kwa kuiamini alama hiyo peke yake, una nafasi nusu kwa nusu ya kuifunga kinyume, na injini itapasua moto kwenye kabureta badala ya kuwaka.

Ili kuwa na uhakika, plagi zikiwa bado nje, ziba tundu la silinda namba moja, ile ya mbele kabisa, kwa kidole gumba, huku mwenzako akizungusha kranki polepole kwa spana. Hewa itakapoanza kukisukuma kidole kwa nguvu, pistoni inapanda ikiwa inabana. Endeleeni taratibu hadi alama ya puli ifike mahali pake. Kisha tazama roka chini ya kifuniko cha vali: za silinda namba moja zote mbili ziwe zimelegea, unaweza kuzitikisa kwa vidole, na za silinda namba nne ziwe zimekazwa kidogo kwa pamoja. Ishara hizo mbili zikikubaliana, hakuna ubishi.

Hapo ndipo rota ndani ya distributa inapaswa kuitazama nguzo ya waya wa plagi namba moja. Kuanzia nguzo hiyo, ukifuata upande ambao rota inazungukia, nyaya hupangwa kwa utaratibu wa 1-3-4-2. Mwombe mwenzako apige stata kidogo kifuniko cha distributa kikiwa wazi ili uone kwa macho yako rota inaenda upande gani, usikisie. Kwa kuwashia mara ya kwanza, rudisha kranki nyuma hadi alama isome kati ya digrii 5 na 8 kabla ya pistoni kufika juu, na uikaze distributa kiasi tu cha kushika, ili mkono uweze kuigeuza baadaye.

Kisha thibitisha cheche yenyewe. Rudisha waya wa koili, chomeka plagi moja kwenye waya wake, ilaze juu ya chuma kitupu cha injini mbali na matundu ya silinda na mbali na petroli, na umwambie mwenzako apige stata. Cheche nzuri ni ya buluu na ina mlio unaosikika. Ikiwa ni ya manjano na dhaifu, angalia kwanza waya wa eathi kati ya betri, bodi na injini. Katika magari ya kujiundia, ugonjwa huu ni wa kawaida kuliko koili mbovu, kwa sababu tumepaka rangi mpya kila mahali, na rangi haipitishi umeme. Kwangua rangi chini ya kila boliti ya eathi hadi chuma king'ae. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 ikiwa imetulia, na stata inapofanya kazi isishuke chini ya volti 9.6 au hapo karibu. Ikishuka zaidi, cheche nayo hudhoofika wakati ule ule unaoihitaji.

Petroli

Hapa ni mafupi. Osha tangi, weka filta ndogo ya petroli kabla ya pampu, na utie petroli mpya, si ile iliyokaa kwenye jerikeni tangu mwaka jana. Hosi ziwe mpya na kila mwisho uwe na klipu yake. Pampu ya petroli ya 22R huendeshwa na kamshafti, kwa hiyo ingelazimu kupiga stata kwa muda mrefu ili petroli isafiri kutoka tangini hadi kwenye kabureta. Epuka hilo kwa kuijaza bakuli ya kabureta kwa sindano kubwa kupitia kitundu chake cha hewa, polepole, kisha futa kilichomwagika na usubiri kikauke.

Kuna desturi katika gereji zetu ambayo naiomba iachwe: mtu mmoja hushika chupa ya petroli na kuimiminia kwenye mdomo wa kabureta huku mwingine akipiga stata. Taimingi ikiwa imekosewa kidogo, moto hurudi kupitia kabureta, na unakutana na mkono wenye chupa. Acha kifuniko cha filta ya hewa kikiwa kimefungwa wakati wa kuwasha, kwa sababu filta hiyo huzuia ulimi wa moto usitoke. Na moto ukiwaka ndani ya kabureta, aliye kwenye ufunguo aendelee kupiga stata ili injini iumeze, wakati aliye mbele anachukua mtungi wa kuzimia moto. Mtungi uwe wa poda. Maji husambaza petroli inayowaka.

Sisi tulio kwenye nyanda hizi tuna jambo moja zaidi. Kampala na vitongoji vyake viko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa huku ni nyepesi kwa takriban sehemu moja kwa kumi kuliko ya Mombasa. Kabureta iliyopangwa kwa ajili ya pwani hutoa petroli nyingi mno huku kwetu. Haitazuia injini kuwaka, lakini plagi zikiwa nyeusi na moshi ukawa mweusi, usidhani kwamba umeharibu kitu. Kwanza punguza petroli kwa skrubu ya mchanganyiko.

Maji, na mpangilio wa mahali

Hedi ya 22R ni ya alumini na bloku yake ni ya chuma cha kusubu, na metali mbili tofauti ndani ya maji matupu hulana. Changanya kulenti (dawa ya rejeta) na maji safi. Ya mvua yanafaa kuliko ya kisima, ambayo mara nyingi yana madini yanayoganda kwenye njia za rejeta. Jaza polepole, pua ya gari ikiwa imeinuliwa kidogo, na uminye hosi ya juu mara kwa mara hadi mapovu yaishe. Hewa iliyonaswa kwenye hedi hufanya geji ya joto isome uongo, kwa kuwa kipimo kinaweza kuwa ndani ya mvuke badala ya maji.

Gari liwe chini kwa magurudumu yake yote, mawe au mbao zikiwa zimetiwa mbele na nyuma ya magurudumu, gia ikiwa huru, na bomba la moshi likitazama nje. Usiwashe ndani ya banda lililofungwa, hata kwa dakika moja, maana moshi wa petroli una kaboni monoksidi, ambayo haina harufu na huua. Hakikisha kwamba waya wa akseleta unarudi wenyewe ukiachiwa, na weka springi ya pili ya kuurudisha. Watoto na watazamaji wakae mbali, wasisimame upande wa feni. Najua hili la watazamaji ni gumu, kwa sababu wamesubiri pamoja nawe miezi mingi, lakini kelele zao zitakuzuia kusikia kile unachotakiwa kusikia.

Mnatosha watatu: mmoja kwenye ufunguo akiitazama geji ya presha peke yake, mmoja mbele akisikiliza na kuchunguza uvujaji, wa tatu ameshika mtungi wa moto. Kubalianeni ishara moja ya kuzima, mkono unaopitishwa shingoni kwa mfano, na kila mmoja awe na mamlaka ya kuitoa bila kuulizwa sababu.

Dakika ishirini za kwanza

Funga plagi, rudisha nyaya, vuta choki, kanyaga akseleta mara mbili, kisha piga stata. Kama kila kitu kimethibitishwa, injini itashika ndani ya sekunde tano. Isiposhika baada ya sekunde 10, simama. Ikipasua kwenye kabureta, rudi kwenye distributa. Ikizunguka bila dalili yoyote ya kutaka kuwaka, toa plagi moja uitazame: ikiwa kavu, petroli haifiki, ikiwa imelowa, cheche haifiki au inafika wakati usio wake.

Inaposhika, macho ya aliye kwenye ufunguo yasiondoke kwenye geji. Presha ipande ndani ya sekunde chache, na kufikia sekunde ya 10 iwe imesimama imara. Isipopanda, zima, hata kama injini inaunguruma vizuri kuliko ulivyoota. Cheni ya taimingi inaweza kulia kwa sekunde moja au mbili mpaka kikazio chake kipate presha, na hilo ni la kawaida. Ikiendelea kulia, si la kawaida. Injini ikipata joto na mizunguko ikifika 3,000 kwa dakika, 22R nzima husoma kati ya pauni 36 na 71. Ikiwa inaunguruma chini kabisa isishuke chini ya pauni 4.3, ingawa injini iliyofungwa upya itasoma juu zaidi ya hapo.

Kama kamshafti na roka ni mpya, usiiache injini iungurume chini. Ipandishe mara moja hadi mizunguko kama 2,000, na kwa dakika 20 uibadilishe kati ya 1,500 na 2,500. Sababu yake ni kwamba katika mizunguko ya chini oili inayofika kwenye meno ya kamshafti ni kidogo, wakati springi za vali zinaigandamiza roka kwa nguvu zake zote, na vyuma viwili ambavyo bado havijazoeana huchunana. Meno hayo yakishapata uso wake laini katika dakika hizo, yatadumu miaka.

Katika dakika tano za kwanza utaona moshi mwingi ukitoka kwenye bomba la moshi na hata juu ya manifoldi. Hiyo ni oili uliyopaka wakati wa kufunga, pamoja na rangi inayoungua, na itaisha. Moshi wa buluu usioisha ni oili inayopita kwenye ringi au sili za vali, ingawa ringi mpya hupewa muda wa kukaa kabla ya kuhukumiwa. Moshi mweupe unaoendelea injini ikiwa moto, wenye harufu ya utamu wa kulenti, ni maji yanayoingia kwenye silinda, na hapo zima bila kusubiri. Manifoldi ikianza kuwa nyekundu, taimingi imechelewa mno: geuza distributa kidogo kidogo hadi mlio uwe mwepesi, kisha thibitisha kwa taa ya taimingi.

Joto litapanda polepole hadi themostati ifunguke, na utalijua hilo kwa kuigusa hosi ya juu ya rejeta, ambayo ilikuwa baridi na ghafla inapata moto. Kiwango cha maji kitashuka hewa iliyonaswa inapotoka. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto ili uongeze maji. Katika mwinuko wetu maji yasiyo na presha huchemka kwenye takriban nyuzi 96, na ukiondoa presha ghafla yatakurukia usoni. Zima, subiri yapoe, kisha ongeza. Mshale wa joto ukipita 100 na ukaendelea kupanda, zima pia. Dakika 20 si lazima ziwe mfululizo. Unaweza kuiacha injini ipoe na kuanza tena.

Baada ya kuizima

Wakati injini ingali moto, fungua kifuniko cha vali na upime nafasi za vali kwa fila, yaani vibamba vyembamba vya kupimia: milimita 0.20 kwa vali za kuingiza na 0.30 kwa vali za kutoa. Nafasi hubadilika katika joto la kwanza, na vali ya kutoa iliyobana sana huungua taratibu bila kukupa onyo. Kisha acha gari lipoe kabisa, hata usiku kucha, na asubuhi pita juu ya kila boliti ya manifoldi, ya rejeta, ya mauntingi na klipu za hosi, kwa kuwa gasketi zilizopata moto kwa mara ya kwanza husinyaa. Boliti za hedi zifuate maelekezo ya gasketi uliyonunua, kwani baadhi yake zinataka kukazwa tena na nyingine hazitaki kuguswa.

Kisha mwaga oili yote, ingawa imefanya kazi nusu saa tu na roho inauma kuimwaga. Ndani yake mna vumbi la kuchonga silinda, jeli, na chembe za vyuma vilivyokuwa vinazoeana. Filta usiitupe. Ikate kwa msumeno mbali na injini, toa karatasi yake, ikamue na uitandaze juani juu ya gazeti.

Ya 404 yangu niliitandaza juu ya ukuta mfupi wa ua, na tukaipitia na mpwa wangu mkunjo baada ya mkunjo. Kulikuwa na unga laini wa kijivu ambao sumaku iliuvuta kiasi, nao ni wa ringi na silinda, na ni wa kutarajiwa. Kulikuwa na vipande viwili vidogo vya silikoni ya gasketi niliyopaka kwa wingi kupita kiasi, na nilijifunza kupaka kidogo, kwa kuwa kipande kama hicho kinaweza kuziba kichujio cha pampu. Tulichokuwa tunakitafuta hasa ni vipande bapa vinavyong'aa ambavyo sumaku haivivuti, au rangi ya shaba, kwa sababu hivyo hutoka kwenye beringi na humlazimu mtu kuishusha sampu kabla ya kuwasha tena. Havikuwepo. Tuliweka filta mpya na oili ile ile ya 20W-50, nikapiga stata bila kuunganisha koili hadi mshale ukapanda, kisha nikarudisha waya, na injini ikashika kabla stata haijazunguka mara tatu.